Matunzo ya Matairi ya Malori Yetu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya miaka kumi ya Chama)



Sisi tuliokabidhiwa malori ya Chama twashukuru kupewa nafasi ya kusema siku ya leo. Wenzetu wamekwisha kueleza habari za kahawa na mawese. Sisi twataka kusema juu ya matairi, kwa kuwa ndiyo yanayobeba vyote hivyo, na ndiyo yanayokula fedha zenu kimyakimya.

Hapo zamani mizigo ya Ujiji ilichukuliwa mabegani mwa wapagazi hata pwani ya Bagamoyo. Reli haikufika Kigoma mpaka mwaka 1914. Mpagazi mwenye akili hakungoja bega lichubuke, bali alihamishia mzigo bega la pili mapema. Tairi nalo ni bega la lori.

Twaungama kosa letu. Msimu mmoja wa mvua tulikuwa tukipeleka mbolea upande wa Kalinzi. Dereva alituonyesha tairi la nyuma lililokatwa na jiwe ubavuni, akaomba siku moja ya kulibadili. Nasi, kwa kuogopa lawama za ucheleweshaji, tukamwambia aende hivyo hivyo. Alipokwisha kuiacha njia kuu, tairi lile likapasuka. La pili yake, likiachiwa mzigo wa mawili, nalo halikufika mbali. Mvua ikanyesha usiku kucha, na magunia mengi yakawa tope. Twamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia; lakini hasara iliwafika ninyi, na dereva ndiye aliyelaumiwa. Lawama ile ilikuwa yetu.

Tangu siku ile twafuata kanuni hizi.

Kwanza, upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi. Lenye upepo haba hujikunja mno, hupata joto, na joto ndilo liuwalo mpira.

Pili, matairi mawili yakaayo pamoja nyuma sharti yalingane kwa kipimo na kwa kulika. Moja likiwa dogo, kubwa hulemewa. Jiwe lililonasa kati yao huondolewa kabla ya safari.

Tatu, matairi yenye meno mazima huwekwa mbele, maana la mbele likipasuka usukani humshinda dereva. Yakianza kulika upande mmoja huhamishwa mahali pengine, na chanzo cha kulika hutafutwa.

Nne, tairi lililokatika hata nyuzi zikaonekana halirudi barabarani.

Tano, magurudumu mengine huzuiwa, na nati hulegezwa kabla ya jeki kuinua lori. Nati hukazwa kwa kupishana, kisha hukazwa tena baada ya mwendo wa kilomita 50 hadi 100. Anayejaza upepo kwenye rimu yenye pete asisimame mbele yake, kwani pete ikiruka huua.

Ndugu Mwenyekiti, twaomba Halmashauri ikubali mambo mawili: kila lori liwe na daftari lake la matairi, na dereva awe na haki ya kukataa safari kwa sababu ya tairi bovu, hata kama anayemwamuru ni mkubwa wake. Nanyi wakulima, mkisikia kwamba lori limechelewa kwa sababu hiyo, mstahimili.

Wahenga walisema: Kawia ufike.