Saini Moja na Deni la Taifa: Funzo kutoka Msumbiji

Kuruta anapokabidhiwa bunduki kwa mara ya kwanza, mtunza ghala la silaha humfungulia daftari. Kuruta husoma namba iliyochongwa katika chuma, huilinganisha na namba iliyoandikwa, huikagua silaha yenyewe, kisha ndipo hutia saini. Hakuna afande anayemwamuru atie saini kwanza, eti bunduki ataiona baadaye. Askari polisi naye hufanya vivyo hivyo anapopokea kielelezo cha kesi. Wote wawili wanafahamu kwamba saini ni kiapo, na kwamba siku ya kuulizwa, atakayeulizwa ni mwenye saini.

Jambo hili ambalo kuruta hufundishwa katika siku zake za mwanzo, zimekuwako serikali zilizolisahau. Katika mazungumzo ya leo tutawatazama jirani zetu wa kusini, ng'ambo ya mto Ruvuma, tuone yaliyowapata wananchi wa Msumbiji kwa sababu ya mikataba ya biashara iliyotiwa saini gizani. Tutatazama pia kazi ya watu ambao kwa kawaida hatuwataji sana katika mazungumzo ya ulinzi na usalama, nao ni mawakili wa mikataba na makampuni.

Kufikia mwaka 2014, makampuni matatu yalikuwa yameundwa mjini Maputo. La kwanza, Proindicus, lilitakiwa kulinda bahari ya Msumbiji kwa rada, boti na ndege za doria. La pili, EMATUM, lilitakiwa kuvua samaki aina ya jodari. La tatu, MAM, lilitakiwa kujenga na kutengeneza vyombo vya baharini. Makampuni yote matatu yalikuwa na mizizi katika idara ya usalama ya nchi hiyo. Yalikopa fedha katika mabenki mawili ya kigeni, yaani Credit Suisse ya Uswisi na VTB ya Urusi. Proindicus lilikopa dola milioni 622, EMATUM dola milioni 850, na MAM dola milioni 535. Jumla yake inazidi kidogo dola bilioni 2. Vifaa vyote vilinunuliwa kwa muuzaji mmoja, yaani kampuni ya Privinvest.

Benki haitoi fedha nyingi kiasi hicho kwa kampuni changa isiyo hata na chombo kimoja majini, isipokuwa awepo mdhamini. Mdhamini alikuwa Taifa la Msumbiji. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Manuel Chang, alitia saini hati za dhamana kwa niaba ya serikali. Lakini Katiba ya Msumbiji inasema kwamba mamlaka ya kuidhinisha mikopo ya namna hiyo na kuweka kikomo cha dhamana za serikali ni ya Bunge. Bunge halikuulizwa. Mikopo miwili kati ya mitatu ilifichwa hata kwa Shirika la Fedha la Kimataifa.

Siri hiyo ilifichuka Aprili 2016. Shirika la Fedha la Kimataifa lilisimamisha msaada wake, na nchi wahisani zilizokuwa zikichangia bajeti zikafuata. Thamani ya sarafu ya metikali ilianguka, bei zikapanda, na Januari 2017 nchi ikashindwa kulipa riba ya deni. Wakaguzi waliofanya uchunguzi mwaka huo walikuta kwamba makampuni yale hayakuwa yakifanya kazi yaliyoundiwa, na kwamba matumizi ya kiasi cha dola milioni 500 hayakupatiwa maelezo. Boti 24 za uvuvi, zilizojengwa Cherbourg nchini Ufaransa, zilikaa miaka mingi zimefungwa kamba katika bandari ya Maputo, zikipata kutu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu msikilizaji, hapa ndipo habari hii inapomgusa askari moja kwa moja. Mikataba hiyo ilitiwa saini kwa jina la usalama wa pwani. Oktoba 2017 wapiganaji wenye silaha walivamia vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia, mkoani Cabo Delgado. Agosti 2020 mji huo na bandari yake viliangukia mikononi mwao. Oktoba 2020 mashambulizi yalivuka mto Ruvuma na kufika kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Mwaka 2021 nchi za Kusini mwa Afrika zilipeleka majeshi yao kusaidia, na miongoni mwao walikuwamo askari wa Tanzania. Hatusemi kwamba madeni yale ndiyo yaliyozaa vita, kwani vita ile ina vyanzo vyake vingi. Tunachosema ni kwamba saa ya dhiki ilipofika, ulinzi wa pwani uliokwisha kulipiwa kwa deni la mamia ya mamilioni ya dola haukuwako. Askari wa doria na raia wa vijijini ndio waliolipa tofauti iliyopo kati ya maneno ya mkataba na hali halisi.

Sasa tujiulize: wakili aliye mwaminifu angefanya nini kabla kalamu haijagusa karatasi?

Wakili wa mikataba ya biashara huanza kwa maswali mepesi. Swali la kwanza ni hili: huyu anayetia saini anayo mamlaka? Atafungua Katiba, sheria ya bajeti, na kumbukumbu za msajili wa makampuni. La pili: kampuni hii italipa kwa fedha gani? La tatu: bei hii imelinganishwa na bei ya nani mwingine? La nne: pakitokea ugomvi, itatumika sheria ya nchi gani, na shauri litasikilizwa mji gani? Maswali hayo manne, laiti yangeulizwa kwa sauti ndani ya Bunge la Maputo, yangetosha kuiokoa nchi.

Hapana budi pia kuelewa kwamba katika mkopo mkubwa kila upande huwa na wakili wake. Wakili wa mkopeshaji humlinda mkopeshaji, na wakili wa muuzaji humlinda muuzaji. Anayedhani kwamba wakili wa mwenzake atamtahadharisha juu ya shimo, huyo ni kama mpiganaji anayemwomba adui amwonyeshe njia. Wizara au shirika la umma linaloingia chumba cha majadiliano bila wakili wake lenyewe, au likiwa na wakili aliyekatazwa kuona nyaraka kwa kisingizio cha siri, limeshindwa kabla ya kuketi.

Katika eneo letu kazi hiyo ina ugumu wake wa pekee. Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na Malawi zilirithi misingi ya sheria ya Kiingereza. Msumbiji ilirithi sheria ya Kireno. Burundi na Kongo zilirithi sheria ya Kibelgiji, na tangu mwaka 2012 Kongo imo pia katika umoja wa sheria za biashara wa nchi za Kiafrika ujulikanao kwa jina la OHADA. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayetaka kufungua ghala Lubumbashi au kuuza saruji Pemba ya Msumbiji, hawezi kutegemea ujuzi wa nyumbani peke yake. Hii ndiyo sababu makampuni ya uwakili ya Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, Kigali na Maputo yamekuwa yakiungana au kushirikiana, ili mteja mmoja ahudumiwe katika nchi kadhaa, kila nchi na wakili aliyesajiliwa kwa sheria zake. Chama cha Wanasheria cha Afrika Mashariki, chenye makao yake Arusha, kiliundwa mwaka 1995. Nazo serikali za Afrika zimeunda chombo cha kusaidiana katika majadiliano ya mikataba mikubwa, kilicho chini ya mwavuli wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Hapa kwetu, Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali ilianzishwa mwaka 2018 ili isimamie mashauri yanayoihusu serikali mahakamani na mbele ya wasuluhishi.

Tuirudie Msumbiji, tuone gharama ya kutafuta haki baada ya maji kumwagika. Hati za dhamana zilisema zitahukumiwa kwa sheria ya Uingereza. Mikataba ya ununuzi ilisema ugomvi upelekwe kwa wasuluhishi Uswisi. Baraza la Katiba la Msumbiji lilitangaza kwamba dhamana zile ni batili, ile ya EMATUM mwaka 2019 na nyingine mbili mwaka 2020. Hata hivyo, tangazo hilo la Maputo halikutosha kuumaliza ugomvi London. Serikali ilifungua shauri huko mwaka 2019. Miaka minne ilipita katika kubishana tu juu ya mahali pa kusikilizia madai, mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipoamua Septemba 2023 kwamba yasikilizwe London. Hukumu ilitoka Julai 2024, nayo ikaiamuru Privinvest, ambayo ilikuwa imekana makosa yote, kuilipa Msumbiji zaidi ya dola milioni 825. Ushindi huo ni mkubwa, lakini hukumu ni jambo moja na fedha kuingia mkononi ni jambo jingine.

Wahusika nao walifikishwa mbele ya sheria. Desemba 2022 mahakama ya Maputo iliwatia hatiani watu 11, akiwemo mkuu wa zamani wa idara ya usalama. Manuel Chang alikamatwa Johannesburg mwaka 2018, akahukumiwa Marekani Januari 2025 kifungo cha miaka minane na nusu. Credit Suisse nayo, mwaka 2021, ilikubali kulipa faini zinazokaribia dola milioni 475 na kusamehe sehemu ya deni.

Ndugu askari, yako mafunzo mawili ambayo hatuna budi kuyachukua. La kwanza ni kwamba neno usalama lisigeuzwe pazia. Ziko siri za kweli katika ulinzi: mahali pa kikosi, uwezo wa silaha, njia ya doria. Lakini bei, deni, na mamlaka ya mtia saini si siri ya vita dhidi ya wananchi wanaolipa. Afisa anayeagizwa kunyamaza juu ya hesabu kwa jina la usalama, na akumbuke kwamba utii wa askari ni kwa amri halali.

La pili linawahusu hasa wapelelezi. Wizi wa zama hizi hauvunji mlango usiku. Huingia mchana, umevaa suti, umeshika hati yenye mihuri. Mpelelezi anayeweza kusoma mkataba, akajua kampuni ni ya nani na fedha zimepitia benki gani, analinda mpaka wa nchi sawasawa na mwenzake aliyeko ukingoni mwa Ruvuma. Akikwama, na asione haya kumwita wakili akae naye mezani, kama anavyomwita mganga asome maiti.

Wazee wetu walituusia kwamba mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wananchi wa Msumbiji walinyolewa pakavu, wala hawakuwa wamekaribishwa hata kuuona wembe. Sisi tulio jirani zao, tuliopokea wakimbizi wao na kupeleka vijana wetu kusimama nao, hatuna ruhusa ya kusema kwamba hatukujua.