Kufufua Injini ya Msumeno wa Zamani
(Maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama wa tawi)



Mmetutaka tuseme juu ya kazi ya mkono ambayo mtu aweza kuifanya nyumbani siku za mapumziko. Sisi ni ndugu wawili wa Ishiara; twafanya kazi ya reli, na wakati wa likizo twatengeneza misumeno ya injini, ile watu wa kwetu waiitayo pawaso. Hatukuja kujisifu. Tumekuja kueleza kosa letu, ili ninyi msilirudie.

Tulinunua msumeno wa zamani Nanyuki, mwisho wa njia ya reli. Injini ilikuwa imekwama, na breki ya mnyororo ilikuwa imeng'olewa. Tukaufungua nyumbani chini ya mwembe, tukatia pistoni mpya na ringi mpya. Tena, kwa tamaa ya nguvu, tukapanua tundu la ekzosi ili moshi utoke upesi. Ukawaka kwa mvuto wa pili, na watoto wakapiga makofi. Mti wa kwanza ukaanguka vizuri. Katika mti wa pili injini ililia kwa sauti nyembamba, kisha ikakwama kama mwanzo. Fedha za ovataimu ya miezi miwili zilipotea kwa nusu saa.

Kwa nini? Injini ya namna hii haina oili yake chini kama ya lori. Oili huja pamoja na petroli. Petroli ikipungua, oili nayo hupungua na joto huzidi. Nanyuki ni nchi ya juu, karibu mita 1,900 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kabureta ilikuwa imepimwa kwa hewa ile. Ishiara iko chini sana na hewa yake ni nzito zaidi, basi petroli haikutosha. Nasi tulizidisha ubaya kwa kupanua ekzosi bila kufungua skrubu ya petroli. Tulipofungua mara ya pili, tukaona pia oili-sili ya shafti inavuta hewa kwa nje. Huenda ndiyo iliyoiua injini kwa mwenyewe wa kwanza. Sisi tulibadilisha maiti, hatukuuliza ugonjwa.

Sasa twafanya hivi. Kwanza twatazama pistoni ya zamani. Mikwaruzo ikiwa upande wa ekzosi, shaka yetu ni joto au ukosefu wa oili. Ikiwa upande wa kabureta, ni vumbi lililopita kwenye chujio. Pili, twaziba tundu la ekzosi na la kabureta kwa vipande vya mpira wa baisikeli, twashusha pistoni chini kabisa, twatia upepo kidogo kwa tundu la plagi, na kupaka maji ya sabuni. Povu likitokea, hapo ndipo penye kosa. Tatu, mshale wa juu ya pistoni twauelekeza kwenye ekzosi, na vibanio vya pini twatia vipya, maana kibanio kikiruka huharibu silinda nzima. Nne, twachanganya mafuta kwa kipimo cha kitabu cha msumeno: kipimo cha 1 kwa 50 ni mililita 100 za oili katika lita 5 za petroli, cha 1 kwa 25 ni mililita 200. Mwisho, twarekebisha kabureta pale pale msumeno utakapofanya kazi. Ukizunguka bure kwa kasi, uwe na sauti ya kigugumizi kidogo. Ukiingia mtini, sauti isafike.

Lakini neno kubwa ni breki. Siku moja ncha ya msumeno ule iligusa tawi, ukaruka nyuma, mnyororo ukapita karibu na shingo ya ndugu yetu. Tuliketi chini kimya, na kazi ikaisha siku ile.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa reli. Tangu George Westinghouse wa Marekani alipopata hati ya breki ya upepo mwaka 1869, treni zimeweza kuwa ndefu na kwenda kwa kasi kwa sababu zaweza kusimama. Treni haiondoki stesheni mpaka breki zimepimwa. Mbona nyumbani twaongeza nguvu kwa kitu kisicho na breki? Siku hizi fedha ya kwanza twaipeleka kwenye breki. Nguvu yangoja zamu yake.

Tena kumbukeni: Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yahusu ajali ya kazi ya mwajiri. Mkono uliokatwa chini ya mwembe wako hautalipwa na reli, wala Chama hakitakuwa na pa kuudai.

Basi, mwenye injini mbovu nyumbani asiitupe. Aifungue, lakini aulize kwanza ilikufa kwa nini.

Tumesema.