Kufuli Ni Dalili: Kwa Nini Prosesa Nyingi Hazileti Kasi Nyingi



Kompyuta yenye prosesa 64 haimalizi kazi mara 64 upesi zaidi ya ile yenye prosesa moja. Gene Amdahl alikwishatuonyesha tangu mwaka 1967 kwamba kikomo huwekwa na ile sehemu ya kazi isiyogawanyika: ikiwa asilimia 5 ya kazi ni lazima ifanywe kwa zamu, hata ukinunua prosesa elfu, kasi haitavuka mara 20. Ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, sehemu hiyo ya zamu hulindwa kwa kufuli. Prosesa inayotaka kugusa data ya pamoja hushika kufuli. Nyingine husubiri, mara nyingi zikiuliza tena na tena kama limeachiwa. Hoja yangu ni kwamba kufuli linalogombewa ni dalili tu. Ugonjwa wenyewe ni data inayoandikwa na wengi, na anayelishughulikia kufuli peke yake huihamisha foleni bila kuiondoa.

Tuitazame Linux. Toleo la 2.0 la mwaka 1996 liliwezesha matumizi ya prosesa zaidi ya moja kwa kufuli moja kubwa lililoilinda kerneli nzima. Wahandisi walilimega kidogo kidogo kwa takriban miaka 15, hadi mabaki yake yakaondolewa katika toleo la 2.6.39 mwaka 2011, na nafasi yake ikachukuliwa na makufuli mengi madogo. Wengi huhitimisha kwamba dawa ni kumega tu. Lakini mwaka 2010 watafiti wa MIT walipoipima Linux kwenye mashine ya prosesa 48 kwa programu saba, walikuta kwamba baadhi ya vikwazo havikuwa makufuli makubwa, bali vihesabio vidogo vilivyoguswa na kila prosesa. Sababu iko kwenye kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na kila prosesa. Data husafiri kwa vipande, kwa kawaida vya baiti 64, na prosesa moja ikiandika juu ya kipande, nakala zilizo kwa wenzake hubatilika. Ndiyo maana hata kufuli linaloruhusu wasomaji wengi kuingia pamoja huwa ghali: kila msomaji huongeza kihesabio kilekile, na kipande hicho hakitulii. Watafiti hao walikipunguzia mzigo kihesabio kwa kuipa kila prosesa akiba yake.

Mfano wa karibu zaidi ni ramani ya kumbukumbu ya programu. Uzi, yaani mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya programu, ukigusa ukurasa ambao bado haujapewa kumbukumbu halisi, kerneli huutafutia nafasi. Kwa miaka mingi ilibidi kwanza ishike kufuli la ramani nzima kwa kusoma. Uzi mwingine ukiomba eneo jipya katika ramani hiyo, ulilishika kufuli hilohilo kwa kuandika, na wote wakasimama hata kama maeneo yao hayakuhusiana. Toleo la 6.4 la mwaka 2023 lililipa kila eneo kufuli lake. Mwandishi naye hafungui eneo moja moja: kila eneo alilolifunga huandikwa namba ya sasa ya ramani, na anapoliachia kufuli la ramani, namba hiyo hupanda, hivyo maeneo yote huhesabika yamefunguliwa kwa mpigo. Hata hivyo, nyuzi zote zikivamia eneo moja, ugomvi hurudi palepale.

Wapo watakaosema tutengeneze kufuli bora. Tumetengeneza: mwaka 1991 Mellor-Crummey na Scott walibuni kufuli ambalo kila anayesubiri hutazama mahali pake mwenyewe, na wazo hilo baadaye liliingia katika Linux. Linaifanya foleni iwe na nidhamu, ila walio ndani bado hupita mmoja mmoja. Wengine watasema njia ya RCU, iliyoingia Linux mwaka 2002, ambayo msomaji hashiki kufuli na nakala ya zamani hufutwa baada ya wasomaji wake kuondoka, ni ngumu, hula kumbukumbu na humruhusu msomaji kuona habari iliyopitwa na wakati. Ni kweli, na kwa hiyo haifai kila mahali. Inafaa pale usomaji unapozidi uandishi kwa mbali, na habari ya kale kidogo haidhuru. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kufuli moja kubwa ni rahisi kulielewa, na makufuli mengi huleta hatari ya kukwama, huyu akimngoja yule na yule akimngoja huyu. Nalikubali, na ndiyo sababu kipimo kitangulie kumega: kufuli lisilogombewa liachwe lilivyo.

Tunavyofundisha somo hili, tunaanza na kufuli kisha tunatafuta data ya kulinda. Tuugeuze mpangilio. Mwanafunzi aulizwe kwanza nani anaandika data hii, mara ngapi, na kama kweli ni lazima iwe ya wote. Akishajibu, mara nyingi atagundua kwamba kufuli alilotaka kuliharakisha halihitajiki.