Kazi ya Baisikeli: Habari za Sule Kangangi
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Kabazi)

Mmoja wenu aliuliza kama mtu anaweza kula kwa kuendesha baisikeli. Si kubeba maziwa au magunia ya viazi, bali kushindana. Anaweza, lakini ni wachache, na njia yenyewe ni ya mlima.

Huko Ubelgiji na Hispania wakati wa baridi kuna mbio za matopeni. Zinachukua kama saa moja, na pale pasipoendesheka mtu anashuka, anatia baisikeli begani na kupanda mbio. Si nyinyi hufanya hivyo bure mvua ikinyesha? Kule kuna wanaolipwa mshahara. Kwetu mbio zilizo karibu na hizo ni za changarawe, na mtu wa kutazamwa ni Suleiman Kangangi wa Eldoret, aliyeitwa Sule.

Sule alipitia timu ya Kenyan Riders kule Iten, kisha akaingia Bike Aid ya Ujerumani. Mwaka 2017 alikuwa wa tatu katika Tour du Rwanda, mbio za siku nyingi milimani. Mjue kwamba katika mbio hizo hakuna anayeshinda peke yake. Wa mbele anapasua upepo, wa nyuma yake anatumia nguvu kidogo. Basi hupokezana, kama mchango wetu wa mzunguko: sasa zamu yako, baadaye yangu. Anayejificha nyuma kila mara wenzake humjua upesi, kama vile sisi tunavyowajua wetu!

Vipaji havijakosekana. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alifunzwa akiwa kijana na David Kinjah wa Mwimuto, Kikuyu. Alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Lakini wakati huo alikuwa akishindana kama Mwingereza. Wanaobaki hapa hukosa mashindano, viza na chombo. Baisikeli ya mashindano inaweza kuwa na kilo 7 hivi. Black Mamba ya kwetu ni kama kilo 20, na uzito huo wote unapanda nao.

Hapo ndipo Sule alipofikiri vizuri, kwa maoni yangu. Mbio kubwa za barabarani zinataka mtu awe kwanza na timu inayotambuliwa. Mbio za changarawe nyingi ni wazi: unalipa kiingilio, unasimama mstari mmoja na mabingwa. Akashirikiana na mwanasheria Mikel Delagrange na wengine katika Team Amani, yenye waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda. Tena hawakukaa tu kungojea viza. Juni 2021 waliandaa Migration Gravel Race huko Maasai Mara, siku nne, kama kilomita 650, na watu wa Ulaya wakaja. Safari hiyo mgeni ndiye aliyeomba ruhusa ya kuingia.

Tarehe 27 Agosti 2022, katika mbio za Vermont Overland, Marekani, Sule alianguka akiwa kwenye kasi kubwa, akafa. Alikuwa na miaka 33. Aliacha mke na watoto watatu.

Siwaambii hayo ili mumkataze kijana. Lakini kikundi kikitaka kumsaidia, kisianze na nguo za rangi. Kwanza helmeti na breki nzuri, ingawa helmeti haizuii kila kitu. Pili, mwulize mwenye mbio kama kuna bima, na inalipa nini mtu akiumia mbali na nyumbani. Jambo hili wengi hulikumbuka hospitalini.

Mama mmoja ameuliza fedha za kikundi zitarudije. Swali zuri. Katika timu nyingi zawadi ya mshindi hugawanywa kwa wote waliomsaidia, kwa hiyo kinachofika mkononi mwake ni kidogo kuliko kile kinachotangazwa. Patanieni kabla hajaondoka: ni mkopo, au ni msaada? Akishinda, kikundi kitapata ngapi? Asiposhinda, je? Katibu aandike kitabuni, kijana atie sahihi, na mzazi wake pia.