Adui Arudiye Nyumbani



Jioni hii mazungumzo yetu hayahusu mpaka wala bunduki. Yanahusu kompyuta iliyo juu ya meza ya sebuleni, ile ambayo baba huandikia barua za mafao yake na watoto hufanyia kazi za shule.

Majuma machache yaliyopita nilikwenda Base Camp, makao makuu ya utawala wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Makazi hayo yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ili kuwapokea wakimbizi wa Rwanda, na leo Mkongo, Mrundi, Msomali na Mhabeshi ni majirani humo, na mara nyingi Kiswahili ndicho kiwasikilizanishacho sokoni. Nilirekodi maneno ya mzee mmoja aliyefika huko akiwa mtoto mdogo. Yalikuwa masimulizi ya saa mbili. Jamaa zake waliomba nakala, nami nikaichomeka flashi yangu katika kompyuta ya duka moja la kupiga chapa na kutoa nakala, liendeshwalo kwa umeme wa jua. Mashine hiyo moja hupokea flashi za watu wote tangu asubuhi hadi magharibi. Simlaumu mwenye duka. Hata mlango wa zahanati hupitiwa na wagonjwa.

Niliporudi nyumbani Mbarara, niliona ndani ya flashi kila jalada limegeuka kuwa kijipicha chenye kamshale kadogo pembeni. Nikabofya. Hapo ndipo nilipomfungulia adui mlango kwa mkono wangu mwenyewe, kwa maana kamshale kale si jalada, bali ni njia ya mkato iliyowekwa na virusi. Majalada ya kweli yalikuwa yamefichwa. Mwenye kubofya huamuru programu haramu ianze kazi, kisha hufunguliwa jalada lake kama kawaida ili asishuku kitu.

Nilifuta vijipicha vile. Kesho yake vikarudi. Nikafuta tena, vikarudi tena. Ndugu wasikilizaji, virusi vya aina hii hukaidi kwa sababu nilichokifuta kilikuwa nyayo tu, siye mwenye nyayo. Yeye hujiandikisha miongoni mwa programu zinazoamka pamoja na mashine, hujipangia zamu katika ratiba ya kazi za kompyuta, na kuacha nakala yake katika kila flashi ichomekwayo. Ukisafisha mashine ukaisahau flashi, au ukisafisha flashi ukaiacha mashine, umefanya kazi bure.

Lililonitoa jasho ni hili. Jirani yangu, sajini wa polisi, alikuwa amekwisha kuiazima flashi ile. Aliichomeka katika kompyuta ya nyumbani kwake, na siku ya pili akaenda nayo kazini. Mnajua wenyewe yaliyomo katika kompyuta ya kituo: maelezo ya mashahidi, majina ya watoa habari, picha za vielelezo.

Yasemwe yaliyowapata wakubwa. Mwaka 2008 flashi moja ilichomekwa katika kompyuta ya jeshi la Marekani kwenye kambi yao huko Mashariki ya Kati. Programu haramu iliyopewa jina la Agent.btz ikaenea hadi katika mitandao yao ya siri. Mwezi Novemba mwaka huo huo wizara yao ya ulinzi ilipiga marufuku matumizi ya flashi, na usafishaji ukachukua zaidi ya mwaka mzima. Jeshi lenye manowari zinazobeba ndege lilisumbuliwa na kitu kinachoingia katika mfuko wa shati.

Basi tulifanya nini? Kwanza tulizikata kompyuta zote mbili kutoka intaneti, ili adui asipate amri kutoka kwa bwana wake wala asipeleke siri nje. Pili, kwa kutumia simu isiyohusika, tulibadilisha maneno ya siri ya barua pepe na ya benki. Usiyabadilishe katika mashine iliyoambukizwa, kwani zimo programu zinazonukuu kila herufi unayoipiga. Kisha tukaamuru ukaguzi ule wa Windows unaofanyika kabla mashine haijaamka kikamilifu, uitwao Microsoft Defender Offline. Siri ya mafanikio yake ndiyo hiyo: mwizi hukamatwa akiwa bado amelala. Ukaguzi huchukua kama robo saa. Baadaye fundi aliyafichua majalada ya flashi kwa amri iitwayo attrib, na sauti ya mzee ikaonekana imo, nzima.

Kompyuta yangu ilipona. Ya sajini haikupona. Baada ya siku mbili vijipicha vikarudi. Alikuwa ameweka programu za wizi, zile zinazouzwa kwa bei ya soda zikiwa zimevunjwa kufuli, na sikuona ajabu. Ikabidi tuhifadhi picha na nyaraka tu, tusichukue programu hata moja, tufute diski yote na kusimika Windows upya kutoka katika flashi mpya ya gigabaiti 8, iliyoandaliwa kwenye mashine safi. Nyaraka zilikaguliwa tena kabla ya kurejeshwa. Kazi hiyo ilikula siku nzima na bando kubwa la intaneti, nayo si rahisi kwa mshahara wa askari. Lakini mashine iliyorudiwa na ugonjwa mara ya pili haifai kubembelezwa.

Kuhusu kompyuta ya kituo, sajini hakujaribu kuificha habari wala kuisafisha kimya kimya. Aliripoti kwa mkubwa wake asubuhi ile ile, mashine ikatengwa. Naona alitenda la kiaskari, ingawa alijua ataulizwa kwa nini kifaa cha nyumbani kiliingia ofisini. Na tukumbuke kwamba Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inamhesabu kuwa mhalifu mtu anayebadilisha kwa makusudi yaliyomo katika kompyuta ya mwingine bila idhini. Mashine iliyofutwa ovyo haiwezi kutoa ushahidi.

Jamaa wa yule mzee wa Base Camp wamekwisha kupata nakala yao. Niliipeleka katika visahani viwili, kwa sababu kisahani kilichokwisha kufungwa hakiandikwi tena juu yake, na redio yao ina mahali pa kukichezea.