Mkono wa Breki ya Mbele

Mvua ikipiga Mwanza usiku kucha, wewe unayekaa Mkuyuni unajua kinachofuata. Kukicha, maji yameshakwenda zake ziwani, lakini yameacha mchanga. Ule mchanga wa mawe yetu, punje nene kama chumvi ya mawe, unashuka na vichochoro vya mlimani mpaka barabara kuu ya kwenda Nyegezi, unatanda juu ya lami. Kwa mtembea kwa miguu si kitu. Kwa chombo cha matairi mawili ni kama umemwaga mtama sakafuni.

Asubuhi moja ya namna hiyo nilikuwa nyuma ya bodaboda. Dereva ni kijana ninayemfahamu: ana leseni, halewi, na hana papara. Tulikuwa tunashuka kuikuta lami, mwendo wa kawaida, bajaji ikachomoza ghafla kutoka kushoto. Kijana akakanyaga breki. Tairi la nyuma likakwama, likaacha kuzunguka, likaanza kuburuzika na kutupeleka ubavu. Akaachia, akakanyaga tena, tukasimama goti langu likiwa limegusa bodi la bajaji. Mama mmoja mwenye beseni la dagaa alisema "Mungu mkubwa", akaendelea na safari yake.

Nilipotulia nikamuuliza, mbona breki ya mbele hukuishika? Akanitazama kama mtu niliyemwambia ajitose ziwani. "Mzee, ya mbele inapindua."

Jibu hilo utalipata katika vijiwe vingi, na nusu yake ni kweli. Pikipiki inapofunga breki, uzito mwingi unahamia mbele. Tairi la mbele linagandamizwa chini na linashika barabara sawasawa, la nyuma linabaki jepesi. Kwa hiyo nguvu kubwa ya kusimama iko mbele, na breki ya nyuma ikikanyagwa kwa hofu, tairi jepesi linakwama mara moja. Ila la mbele nalo likikwama, hasa kwenye mchanga au lami iliyolowa, usukani haukusikii tena, na chombo kinalala chini kabla hujamaliza kusema "yarabi". Kijana wangu anaiogopa breki yenye nguvu, anategemea ile dhaifu.

Hesabu yake ni hii. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa inakula karibu mita 14 kila sekunde. Kwa breki ya nyuma pekee, kwenye lami kavu, itahitaji mita 30 na zaidi mpaka isimame. Kwa breki zote mbili zikishikwa vizuri, itahitaji karibu nusu ya hapo. Tofauti hiyo ni ndefu kuliko basi la abiria, na ndani ya tofauti hiyo kuna mtoto wa shule anavuka.

Sasa, kuna kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya hofu hii hii. Wengi mmeona herufi zake, ABS, zikiwaka kwenye dashibodi ya gari unapowasha injini. Ni breki zisizokwama. Kwenye gurudumu kunafungwa pete yenye meno, na pembeni yake kihisi kinachohesabu meno hayo yakipita. Kompyuta ndogo inasoma hesabu bila kuchoka. Ikiona gurudumu linapunguza mwendo ghafla kiasi cha kutaka kukwama, inalegeza breki kidogo, gurudumu linazunguka, inabana tena, inalegeza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Dereva anabana kwa nguvu zake zote, kwa woga wake wote, na tairi linaendelea kuzunguka na kumsikiliza.

Si jambo la juzi. BMW ya Ujerumani iliweka breki hizo kwenye pikipiki yake ya K100 mwaka 1988. Umoja wa Ulaya ukazifanya za lazima kwa modeli mpya zinazozidi cc 125 tangu Januari 2016, na mwaka uliofuata kwa kila pikipiki mpya ya ukubwa huo. Watafiti waliolinganisha ajali katika nchi tatu walikuta ajali zenye majeruhi zimepungua kwa asilimia 24 Italia, 29 Hispania na 34 Sweden. Pikipiki kubwa za leo zimekwenda mbali zaidi: kuna zinazopima zimelala kiasi gani kwenye kona na kugawa breki kulingana na mlalo huo, na kuna zinazopunguza nguvu ya injini tairi la nyuma likianza kuzunguka ovyo. Hayo tuwaachie wenye injini za nguvu farasi 100. Mimi nasemea hiyo inayopanda Mkuyuni na gunia la mkaa nyuma.

Msikilizaji, kinachoniuma ni kwamba kifaa hiki kimefika kwanza kwa mtu anayeendesha pikipiki Jumapili kujiburudisha. Anayebeba mama mjamzito saa nane za usiku kumpeleka hospitali ya Sekou Toure bado ana breki ya waya.

Na usiniambie kifaa hicho hakifai pikipiki ndogo. Boxer na TVS zinazojaa vijiweni kwetu ni za makampuni ya India. Huko India, tangu Aprili 2019, pikipiki mpya inayozidi cc 125 haiuzwi bila ABS, na ile ya cc 125 kushuka chini ni lazima iwe na ABS au angalau breki za pamoja, yaani ukikanyaga ya nyuma, ya mbele nayo inashika kiasi. Mwaka 2021 kampuni ya Bajaj, hao hao wenye Boxer, walitoa kwao Platina 110 yenye ABS kwenye gurudumu la mbele. Ni pikipiki ndogo ya mtu wa kipato cha kawaida, haina tofauti kubwa na ile inayokupeleka Butimba. Ujuzi wanao, na kiwandani upo. Sisi hatujautaka kwa sauti.

Kuutaka ni kazi ya nani? Shirika la Viwango, TBS, ndilo linalosema bidhaa gani inafaa kuingia nchini. LATRA ndiyo inayotoa leseni ya kubeba abiria. Kampala, Nairobi na Kigali wanapanda pikipiki zizi hizi, kwa hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikitamka neno moja, kiwanda kitasikia, maana soko letu si dogo. Waanze na breki za pamoja kwa kila pikipiki mpya ya biashara, kisha diski ya mbele yenye ABS kwa tarehe inayojulikana, ili muuzaji na mnunuzi wajipange. Bei itapanda, silikatai hilo. Kijana aliyechukua pikipiki ya mkataba, anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni, hawezi kubebeshwa nyongeza hiyo peke yake. Ndiyo maana nataka serikali iangalie kodi ya pikipiki yenye breki hizo kwa jicho la huruma.

Nisidanganye pia. Kwenye changarawe tupu ABS haifupishi umbali wa kusimama, wakati mwingine inaurefusha. Inachofanya ni kukubakiza wima. Tena haipachikwi kwenye breki ya waya na breki shuu, kwani inahitaji breki ya mafuta. Maana yake pikipiki zilizopo barabarani leo zitaendelea hivyo hivyo mpaka zife.

Mwaka 2010 madaktari wa hospitali ya Bugando, daktari wa upasuaji Phillipo Chalya na wenzake, waliandika kwamba majeraha ya pikipiki yamekuwa tatizo linaloibuka la afya ya jamii katika Jiji la Mwanza. Tangu hapo tumeongea sana kuhusu kofia ngumu, mwendo kasi na mishikaki, na yote hayo ni ya kuongelewa. Lakini kofia inakungoja uanguke. Breki inafanya kazi kabla, na breki hatuiongelei. Ajali ikitokea tunasema "bodaboda hawa", tunapita.

Jioni ya siku ile nilimpeleka kijana wangu kwa fundi. Fundi akafungua gurudumu la mbele. Vumbi jeusi likamwagika, breki shuu zilikuwa zimeng'aa kama kioo, na waya umeshika kutu, nyuzi zake nusu zimekatika. Breki isiyotumika ilikuwa imekufa kimya kimya, hata angeishika asubuhi ile isingemsaidia. Tukabadilisha breki shuu na waya, fundi akakaza, akapaka grisi. Nilitembea pale kwenye foleni ya pikipiki zilizokuwa zinangoja, nikawa nabana mkono wa breki wa kila moja. Mikono kadhaa iligusa mpini bila ukinzani wowote.

Halafu tukaenda kwenye uwanja mkavu, mimi nimesimama pembeni. Nikamwambia aje na mwendo wa 20, akanyage ya nyuma, na ya mbele aibane taratibu, kama anakamua embe bivu, asiinyakue. Mara ya kwanza aligusa tu akaachia. Mara ya pili akabana kidogo. Ya tatu akabana kweli, pua ya pikipiki ikainama, ikasimama palepale. Akageuka, meno yote nje: "Mzee, kumbe inashika!"

Nikamwonyesha upande wa pili wa uwanja, pale maji ya mvua yalipoacha mchanga, nikamwambia ajaribu na pale. Akautazama. Akatikisa kichwa, na sikumlazimisha, kwa sababu pale hata mimi nisingejaribu na breki ya waya. Akawasha pikipiki, akarudi kijiweni kungoja abiria wa jioni.