Mtoto Akilegea Miguu, Tusingoje



Mwaka huu sisi wa kamati ya afya tunaleta ombi moja: mfuko wa rufaa kwa watoto wa Lushoto wanaopooza ghafla.

Yapo maradhi ambayo kinga ya mwili, mara nyingi baada ya mtoto kuugua kuhara au kifua, hugeuka na kushambulia mishipa yake ya fahamu. Mojawapo ni Guillain-Barré. Huanza na ganzi na miguu kukosa nguvu, kisha udhaifu hupanda mikononi, na wakati mwingine hufika kwenye misuli ya kupumulia. Si jini, wala si kijicho cha jirani.

Tiba mojawapo ni kubadilisha plazma. Mashine huvuta damu kidogo kidogo, hutenga maji yake ya manjano yaliyobeba kingamwili zenye madhara, kisha hurudisha chembe za damu pamoja na albumini au plazma ya mchangia damu. Hurudiwa mara 5 hivi ndani ya wiki mbili. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1985 ulionyesha kuwa tiba hii iliwasaidia wagonjwa kupona haraka, hasa walioianza ndani ya siku 7. Kwa watoto kazi ni ngumu zaidi: mtoto wa kilo 12 ana damu isiyofika lita moja, hivyo mashine huenda ikajazwa kwanza damu ya kuchangiwa. Pengine daktari atachagua dripu ya kingamwili. Nayo ni ghali.

Toka vijijini kwetu, mgonjwa hushuka kona zote hadi Mombo, aende Bombo, na pengine Dar es Salaam. Hapo ndipo siku hupotea: kutafuta nauli, kuuza mbuzi, kusubiri ndugu watume. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, changieni mfuko huu ulipie gari, malipo ya mwanzo hospitalini na malazi ya mzazi anayeuguza. Pili, mlioko Tanga na Dar es Salaam, jitokezeni kuchangia damu. Tatu, mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea kiungo ghafla, afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Huko atachunguzwa pia kama ni polio.

Fomu ya ahadi iko mwishoni mwa kijitabu hiki.